Jina Moja kwa Watu Sita

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, maana wengi wa watu wake bado wanakula ugali wao kama kawaida, palikuwa na mji unaoitwa Lugombe, juu kwenye mashamba ya chai, na mji huo ulikuwa na timu. Timu yenyewe iliitwa Majani. Haikuwa timu ya kutisha mtu. Ilifungwa, ikafungwa tena, ikipata sare inamshukuru Mungu. Lakini kila mwaka kulikuwa na siku moja ambayo hata mgonjwa aliamka kitandani akadai shati lake: siku Majani wanapocheza na Magogo, timu ya watani wao wa kiwanda cha mbao, ng'ambo ya bonde.

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Uwanja wa Lugombe ulikuwa na jukwaa kuu upande mmoja, lenye viti na paa la bati, na hapo walikaa wakubwa, na jukwaa jingine dogo nyuma ya goli la kusini. Upande wa pili ulikuwa mzunguko: ngazi ishirini za saruji kwenye mteremko, hazina kiti, hazina paa, na hapo walisimama watu. Chini ya ngazi kulikuwa na uzio wa waya mrefu kumzidi mtu, na katika uzio huo geti dogo la kutokea uwanjani. Sasa watu wa mzunguko walikuwa na desturi yao. Majani wakifunga goli, mzunguko mzima ulishuka. Waliiita kuteremka. Wa juu wanawasukuma wa kati, wa kati wanawasukuma wa chini, wote wanakwenda kuukumbatia uzio, wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka, kisha wanapanda taratibu kurudi mahali pao huku wanacheka na kutafuta viatu. Babu zao waliteremka. Baba zao waliteremka. Mtu aliyebaki amesimama peke yake juu kule aliulizwa kama ni wa Magogo.

Na aliyewateremsha alikuwa mwanamke. Jina lake Sekela Mgaya, ila hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Lwitiko, mchuma chai, kiongozi wa kikundi cha hamasa. Yeye alisimama nje ya uzio, ukingoni mwa uwanja, amewageukia watu na kuupa mpira mgongo. Kwa miaka kumi na mitatu hakuona goli hata moja kwa macho yake. Aliyaona magoli kwenye nyuso za watu. Nyuso zikilipuka, naye anapuliza filimbi, mara moja, ndefu, na mzunguko unateremka. Filimbi ile ilikuwa na kazi hiyo tu, haikuwa na nyingine. Binti yake, Lwitiko, wa miaka kumi na tisa, alipiga ngoma ngazi ya kwanza kabisa, uso kwa uso na mama yake, waya katikati yao.

Basi ikatokea mwaka mmoja wakaja wakaguzi wa ligi. Wakapanda ngazi, wakashuka ngazi, wakaandika. Wakasema kusimama si kosa, watu wasimame wapendavyo, lakini kila baada ya ngazi mbili pawekwe vyuma vya kuegemea, vifike kiunoni, ili mtu akisukumwa aishie kwenye chuma kilicho mbele yake. Bila vyuma, uwanja unafungwa. Akaitwa Fundi Danstani, mchomeleaji wa pale sokoni, akavichomelea vyuma wiki nzima. Kazi safi. Wakaguzi wakarudi, wakavitikisa, havikutikisika, wakaridhika, wakaenda zao.

Mzunguko ukanuna. Goli likifungwa, mtu anapiga hatua mbili, tumbo linagonga chuma, mwisho wa safari. Wakasema wametiwa zizini. Mama Lwitiko akanuna kuliko wote, maana filimbi yake sasa alikuwa anampulizia nani? Akaandika barua kwa mwenyekiti wa klabu, akatia sahihi ya kwanza yeye mwenyewe, akaibeba nyumba kwa nyumba, kambi kwa kambi, mpaka karatasi zikajaa majina. Barua ilisema vyuma vinaua timu. Ndivyo alivyoandika, "vinaua," kwa mkono wake.

Mwenyekiti aliitwa Faraja Luvanda, mtu mzuri, mwenye ugonjwa mmoja tu: alipenda kupendwa. Akaisoma barua, akamwita fundi.

"Kavikate," akamwambia.

"Mwenyekiti, vyuma vile vina kazi yake," akasema Danstani.

"Wakaguzi wameshapita, fundi. Hawarudi mpaka mwakani. Na mechi ya Magogo ni Jumamosi, mgeni rasmi anakuja. Unataka aje akute watu wamenuna?"

"Nimesema tu."

"Umesema, nimesikia. Kavikate."

Danstani akabeba mashine yake, akavikata. Akasawazisha na mabaki, mtu asijikwae. Kazi safi vilevile.

Jumamosi ikafika, na manyunyu yake. Lugombe nzima ikahamia uwanjani, na nusu ya ng'ambo pia. Ilipofika nusu saa kabla ya mpira kuanza, mzunguko ulikuwa umejaa, na nje ya geti kubwa bado kulikuwa na watu wa kujaza mzunguko mwingine. Wakaanza kubanana kwenye ukuta. Wanawake wenye watoto wakapiga mayowe. Mwenyekiti Luvanda, aliyekuwa na tai shingoni na mgeni rasmi mkononi, akaletewa habari. Akasema, "Fungueni geti lote, waingie." Likafunguliwa lote. Wakaingia wote. Na kwa kuwa mzunguko ndio uliokuwa karibu na geti, wakaenda mzunguko.

Kule chini kwenye geti dogo la uzio alikaa Mzee Kihwele, mlinzi, na ufunguo mfukoni mwa koti. Hapa niwaeleze jambo. Kila timu ina kamati ya ufundi, na nyie nyote mnajua simaanishi watu wa kufundisha chenga. Kamati ile haina ofisi, haina daftari, na ukimuuliza mtu kama yumo, anakuapia kwa mama yake kwamba hayumo. Basi kamati ya Majani ilipita alfajiri, ikafanya mambo yake pale getini, ikamwachia Mzee Kihwele agizo: hapo asipite kiumbe mpaka filimbi ya mwisho ya refa. Akipita mtu, dawa imevunjika, mechi imeuzwa. Mzee akasema ndiyo.

Mpira ukachezwa. Dakika zikaenda, sufuri kwa sufuri. Mama Lwitiko alikuwa akiziangalia nyuso, na aliziona zimesongamana kuliko siku zote, bega juu ya bega, mtu hana pa kuinulia mkono. Aliona, tusimwonee kwa kusema hakuona. Alifurahi. Alijisemea moyoni kwamba tangu azaliwe hajaona mzunguko ukipendeza hivi.

Dakika ya themanini na tatu nyuso zikalipuka. Majani wamefunga! Mama Lwitiko akavuta pumzi, akapuliza filimbi, mara moja, ndefu.

Wakateremka.

Wa juu wakawasukuma wa kati, wa kati wakawasukuma wa chini, na hapakuwa na chuma hata kimoja, na watu walikuwa maradufu. Wakafika kwenye uzio. Kisha, tofauti na siku zote, hawakupanda kurudi, kwa sababu nyuma yao hapakuwa na nafasi ya kurudi. Ngoma ya Lwitiko ikapasuka. Mama akamwona mwanawe amebanwa kwenye waya, shavu limeingia kwenye matundu, mdomo unafunguka na sauti haitoki. Alikuwa umbali wa mkono. Akaushika uzio akauvuta, kana kwamba waya wa nguzo za chuma utavutika kwa mikono ya mchuma chai. Akamkimbilia Mzee Kihwele.

"Fungua! Mzee, fungua, watoto wanakufa!"

Mzee akamtazama, akautazama mzunguko unaopiga kelele kama unavyopiga kila mwaka, akasema, "Mama Lwitiko, bado dakika saba."

Hapo akili ikamwondoka. Akaitia filimbi mdomoni akapuliza kwa nguvu zake zote, amshtue refa, awashtue wakubwa wa jukwaa kuu, amshtue Mungu, hata yeye hajui. Akapuliza mara moja, ndefu. Na wale wa ngazi za juu, ambao hawakuona chochote cha chini isipokuwa visogo, wakasikia filimbi. Wakateremka mara ya pili, wanaimba.

Mzee Kihwele alifungua geti alipouona mkono wa mtu umening'inia nje ya waya, hautikisiki. Ilikuwa dakika ya nne tangu goli. Wakatolewa mmoja mmoja, wakalazwa kwenye nyasi, kwenye kona, chini ya bendera. Watu sita. Lwitiko alikuwa wa tatu kutolewa. Refa akaivunja mechi, na baada ya wiki mbili ligi ikatangaza kwamba kwa kuwa goli lilikuwa halali na muda ulikuwa umekaribia kwisha, Majani wamepewa ushindi. Ndiyo, jamani. Walipewa ushindi.

Siku arobaini zikapita. Afisa Tarafa akaitisha baraza saa nne asubuhi, palepale mzunguko, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwatosha watu. Wakakaa kwenye zilezile ngazi. Yeye akasimama chini, na fomu.

"Ndugu zangu," akasema, "fomu hii inarudi wilayani leo. Ina mstari mmoja: jina la mhusika. Jina moja. Likiandikwa, huyo mtu atafikishwa mbele ya sheria, na faili la wengine linafungwa. Mstari ukibaki mtupu, inaandikwa ajali, kazi ya Mungu, na uwanja unafunguliwa mwezi ujao."

"Kwa nini jina moja?" akauliza mtu.

"Mimi sikuitengeneza fomu."

Familia sita zikanong'onezana, zikakubaliana kwamba kalamu ashike Mama Lwitiko, kwa kuwa amemzika mtoto wa pekee, hana mwingine wa kumwita mama. Akapewa kalamu. Akakaa nayo mapajani, na wote waliokuwa na la kusema wakaambiwa waseme mbele yake.

Akasimama Mwenyekiti Luvanda. Siku hiyo hakuvaa tai.

"Mama, nimeamuru geti lifunguliwe, sikatai. Lakini nje palikuwa na wanawake wamebanwa ukutani na watoto mgongoni. Nisingefungua, leo tungekuwa na makaburi mengine, na mngesema Luvanda aliwaacha watu wafe barabarani ili mgeni rasmi asisumbuliwe. Nimeamuru vyuma vikatwe, sikatai. Lakini niliombwa. Nina barua yenye majina yenu, na jina la kwanza..." Akamtazama mama, akawageukia watu. "Majina ni mengi. Mlinichagua niwasikilize, nikawasikiliza. Niambieni, ningefanyaje?"

Mama Lwitiko akauliza, "Geti lilipofunguliwa, ulimtuma mtu hata mmoja awaonyeshe watu pa kwenda? Jukwaa la kusini lilikuwa tupu, Mwenyekiti. Mimi nililiona."

Luvanda akainamisha kichwa. "Nilikuwa nampokea mgeni rasmi," akasema, akakaa.

Akasimama Fundi Danstani, kofia mkononi.

"Mama, mimi ni fundi. Niliambiwa weka, nikaweka. Niliambiwa kata, nikasema vina kazi yake, nikaambiwa kata. Mji huu wote, aliyefungua mdomo ni mimi peke yangu. Ningekataa, angeitwa fundi mwingine kabla sijafika nyumbani. Niambieni, ningefanyaje?"

"Fundi," akauliza mama, "mkeo na wanao walikuwa wapi Jumamosi ile? Kila mwaka mnasimama ngazi ya nne."

Fundi akaizungusha kofia. "Nyumbani. Niliwakataza wasije."

Hapo mzunguko ukaguna wote. Mama Lwitiko akainuka nusu. "Ulijua! Uliwakataza wako. Kwa nini hukunikataza na mimi? Ninapita mbele ya kibanda chako kila siku ya Mungu, na kikapu mgongoni!"

Danstani akamtazama machoni, na machozi yakamtoka, jitu zima. "Ungenisikia, mama? Ulikuja kibandani kwangu na barua yako nitie sahihi. Nilipokataa uliniita Magogo."

Mama akakaa.

Akasimama Mzee Kihwele. Alisaidiwa kusimama, maana tangu siku ile miguu ilikuwa imemkataa.

"Binti yangu," akasema, "ufunguo ulikuwa kwangu. Dakika nne. Nazihesabu kila nikifumba macho. Lakini mwaka juzi, mnakumbuka? Mwaka juzi watu walibanana hapa kidogo tu, nikafungua, wakamwagika uwanjani, timu ikanyang'anywa pointi. Nyie, nyie mliokaa hapo, mlikuja kwangu mkavunja mlango kwa mawe. Mlisema nimeuza mechi. Mke wangu alipigwa jiwe la bega, hadi leo hainui ndoo. Mwaka huu kamati ikaniambia usifungue. Mnaijua kamati, ingawa leo hayumo hata mmoja. Niambieni, ningefanyaje?"

Baadhi ya watu wakatazama ukucha wa kidole.

"Lakini uliniona, mzee," akasema mama kwa sauti ndogo. "Uliniona ninalia."

"Nilikuona, mwanangu. Lakini wewe hulia kila goli."

Baraza lingeishia hapo, na pengine ingekuwa heri. Lakini juu kabisa, ngazi ya ishirini, akasimama kijana mmoja, mpasua mbao aitwaye Ambokile. Yeye hakuitwa kujitetea. Alikuwa mfiwa, ndugu yake alikuwa mmoja wa wale sita.

"Mimi nilisukuma," akasema. "Mnawauliza hawa watatu, hamniulizi mimi. Nilikuwa hapa juu, kaka yangu alikuwa kule chini. Mara ya kwanza nilisukuma kwa goli. Mara ya pili nilisukuma nikiimba. Nadhani alikuwa hai bado. Ningejuaje? Nilisikia fi..."

"Kaa chini, Ambokile," bibi mmoja akamkatiza, kwa ukali wa mtu anayefunika chungu upesi. "Mama wa watu amezika."

Ambokile akakaa. Na mzunguko wote, watu wote wale, wakageuza nyuso zao pembeni kwa huruma. Mama Lwitiko akaziona nyuso zikigeuka, yeye ambaye kwa miaka kumi na mitatu kazi yake ilikuwa kuzisoma. Akajua kwamba wanajua. Wanajua barua, wanajua filimbi ya kwanza, wanajua filimbi ya pili. Hakuna atakayesema kamwe. Wamempa kalamu kwa sababu wamemwonea huruma, na huruma yao ilimchoma kuliko ambavyo matusi yangemchoma.

"Afisa," akasema, "hivi nafasi ni moja kweli?"

"Moja, mama."

"Nikimwandika Mwenyekiti?"

"Fundi na mzee wanakwenda nyumbani, karatasi zao safi. Hawaulizwi tena."

"Nikimwandika mzee?"

"Mwenyekiti anabaki mwenyekiti."

"Nikimwandika fundi?"

"Ni hivyohivyo, mama."

"Na nikiandika jina langu?"

Afisa Tarafa akajikuna shingo. Hakutegemea hilo. "Kama ni jina, fomu itapokea. Hawa watatu wataondoka hapa bila neno, na hiyo kamati yenu pia, na kila aliyesukuma."

"Nikiacha wazi?"

"Basi mwanao amekufa kwa ajali, na hakuna aliyemkosea."

Mama Lwitiko akaiweka fomu juu ya goti. Akataka sana, kwa moyo wake wote, awepo mtu mmoja wa kumchukia, mtu mwenye jina, anayeweza kuandikwa kwenye mstari mmoja. Akamtazama Luvanda, akaona mtu aliyefungua geti ili watoto wasife. Akamtazama Danstani, akaona mtu aliyesema peke yake kisha akanyamaza na wengine wote. Akamtazama Mzee Kihwele, akaona mlango uliovunjwa kwa mawe, na mmoja wa waliorusha mawe alikuwa amekaa pembeni yake, anampa maji ya kunywa. Akatazama juu, kwa mamia waliosukuma. Kisha akaitazama mikono yake.

"Mama," akasema Afisa Tarafa, "gari linanisubiri."

Akainamisha kalamu kwenye karatasi.

Mimi ninaishia hapo. Najua alichoandika, na sitawaambia, maana nikiwaambia mtaridhika mwende mkalale. Nyie mliokaa hapa mnapenda mpira. Jumamosi mtakwenda, mtasimama, mtasukumana, na mtu fulani atakuwa na ufunguo mfukoni. Kwa hiyo nijibuni nyie, na mnijibu kwa jina, si kwa kuguna. Geti lilifunguliwa na mmoja, vyuma vilikatwa na mwingine, ufunguo ulikaa kwa wa tatu, mikono iliyosukuma ilikuwa ya mji mzima, na filimbi ilipulizwa na aliyeshika kalamu. Watu sita wamezikwa, na mstari ni mmoja.

Je, nani alistahili kuandikwa?